Tulipokutana Dodoma, Mbali na Maji

Kutoka kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, hadi Mvumi hakufiki kilomita 60. Ukiondoka asubuhi, adhuhuri umesharudi. Na bado ilinichukua miaka mitatu kufika kuhani msiba wa mpishi wetu wa melini, mtu aliyenilisha miaka kumi na mmoja. Siku ya taarifa nilituma rambirambi kwa simu, shilingi 20,000, nikajiambia nitakwenda mvua zikiisha. Mvua zikaja zikaisha mara tatu.

Nilikwenda Septemba 2024, na sikwenda peke yangu. Wikiendi ile tulikutana wanamaji wastaafu kumi na tisa tuliowahi kuhudumu boti moja, pamoja na wake, wajane, watoto na wajukuu. Tulipohesabu sahani tulikuwa watu 64. Tangu siku hiyo nimeulizwa na wastaafu wenzangu, walimu na watu wa reli, tulifanyaje hadi tukakutana. Nitasema tulivyofanya, na pale tulipokosea nitasema pia.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya korongo wakati wa masika, na masika yakipita korongo hubaki mchanga mtupu. Baada ya JKT nilichukuliwa jeshini mwaka 1983. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza tukiwa juu ya pantoni, tukivuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, kila mtu kashika begi lake kana kwamba linataka kuruka. Daraja halikuwepo. Lilikuja kufunguliwa 2016, mimi nikiwa raia tayari.

Kambi ya wanamaji ya Kigamboni ilijengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, na boti zetu zilitoka huko huko. Ya kwetu ilikuwa ya aina ya Shanghai: urefu wake mita kama 39, injini nne za dizeli, mizinga juu, na ndani yake watu thelathini na kitu. Ukilala, miguu ya mwenzako iko karibu na kichwa chako. Katika urefu huo hakuna anayeweza kujificha. Nilijua nani anaongea usingizini, nani halali kabla hajasali, nani barua zake huandikiwa na mwenzake kwa sababu mwandiko wake haumpendezi mchumba. Baba yangu mzazi sikumjua hivyo.

Kazi yangu ilikuwa chini, kwenye injini. Kule chini mtu husemi, unapiga kelele, na zamu ikikolea unaacha hata kelele, mnaongea kwa vidole. Joto lake sitalieleza. Aliyekaa jikoni mwa kuni mwezi wa kumi hapa Dodoma, mlango umefungwa, anaweza kukisia.

Mpishi alikuwa Mgogo wa Mvumi. Msimu wa kusi, kuanzia Juni, maji kati ya Mafia na bara huchafuka, na sisi watu wa bara tulikuwa tunalewa bahari hadi mtu anatamani boti izame apumzike. Yeye pia alikuwa wa bara, lakini sikumwona akilewa hata mara moja. Alifunga sufuria kwa kamba, akatanua miguu, mkono mmoja kashika chuma, mwingine unakoroga. Kila likizo alirudi na unga wa uwele kutoka kwao, na unga huo hakuupika kwa chakula cha kawaida. Aliuweka kwa ajili ya wagonjwa wa bahari. Alikuja na kikombe cha uji wenye tangawizi inayokuchoma koo, akachuchumaa mbele yako hadi umalize. "Kunywa," alikuwa akisema. "Tumbo tupu ndilo linalolewa."

Mwaka 1994 mke wangu alishikwa na uchungu usiku, akavushwa kwenda hospitali ng'ambo, na mimi sikuwa na kitu mfukoni. Mpishi alinipa pesa aliyokuwa akiidunduliza kumwezekea mama yake mabati, ili atoke kwenye tembe. Ilikuwa pesa ya bati sita. Najua kwa sababu alinihesabia hivyo, bati kwa bati, wala hakutaja shilingi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mwaka 1996 nikapata uhamisho kwenda Mwanza, ziwani. Deni nilikuwa sijalipa. Mwanzoni nilikuwa sina. Baadaye nilikuwa nacho lakini miaka imepita, na aibu ya kuchelewa ikawa kubwa kuliko deni. Mwisho nikawa hata simu yake naiangalia ikiita.

Basi, mkutano.

Wazo lilitoka kwa wawili wetu tuliokutana kwa bahati benki, kwenye foleni ya pensheni. Tukaanza kutafuta namba za wenzetu. Mwezi mzima sisi wanaume tulipata namba sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa za watu wengine kabisa. Jioni moja mke wangu aliniuliza tunahangaika na nini. Nilipomweleza, akachukua simu yake, akapiga mara moja tu, na kufikia saa nne usiku tulikuwa na namba kumi na nne. Wake zetu walipokuwa kota kule Kigamboni walicheza mchezo wa pesa kila mwezi. Sisi tulipokuwa baharini, wao ndio waliouguziana watoto, wakazalishana, wakakopeshana unga. Mchezo haukufa kota zilipotawanyika. Wajane walikuwa bado wamo. Kwa zaidi ya miaka ishirini wanawake wale walijua nani kafiwa, nani kapooza, mtoto wa nani kahitimu, nasi tulikuwa tukisema "yule bwana sijui yuko wapi" tukiwa tumelala kitanda kimoja na mtu anayejua.

Kwa hiyo kama una kundi lako la zamani unalitafuta, anza kwa wake. Na uwape uongozi. Mweka hazina wetu alikuwa mke wa fundi mizinga, na sijaona hesabu safi kama zake. Mchango ulikuwa shilingi 60,000 kwa familia. Waliokuwa hawana aliwajua bila kuambiwa, akawapigia mmoja mmoja akisema sehemu yao imeshapatikana. Nani kalipiwa na nani, mpaka leo anajua yeye peke yake. Mimi nilikuwa nimependekeza orodha ya waliochanga ibandikwe ili kuhamasisha, na ninashukuru alinikatalia. Kuna mzee asingekuja.

Kwa nini Dodoma, mahali ambapo mto ukiwa na maji watu husimama kuutazama? Kwa sababu ni katikati. Wa Mwanza, Singida na Tabora walishukia stendi ya Nanenane. Wa Iringa walipitia Mtera. Wa Dar walikuja na treni ya SGR, iliyokuwa imeanza kufika Dodoma miezi miwili tu kabla. Nauli ilikuwa shilingi 31,000, safari ya saa tatu na nusu hivi, na wazee wenye mgongo mbovu hawakuwa na hofu ya basi la kutwa nzima. Mwezi tuliuchagua kwa kuzungukazunguka. Aprili hadi Juni kuna Bunge la bajeti, vyumba vya kulala wageni vinapanda bei. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonesho ya Nanenane, hupati hata pa kuegesha kichwa. Septemba mji umetulia, vumbi lipo lakini mvua hakuna, mibuyu imepukutika, na zabibu za msimu wa pili bado zinapatikana. Watoto wa pwani walikula zabibu beseni zima, kisha wakakataa chakula.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ukumbi. Nilitaka iwe rasmi: viti vya vitambaa, mshereheshaji, muziki. Mshereheshaji alikuja kweli, kijana mchangamfu, spika mbili kubwa kama makabati. Baada ya nusu saa nikaona wazee wametulia kimya, wanatabasamu kwa adabu, hakuna anayezungumza na mwenzake. Hawasikii. Nusu yetu masikio yaliharibiwa na injini na mizinga, na ukitusomea risala kwa spika huku muziki unalia chini yake, tunachopata ni mngurumo tu. Mke wa fundi mizinga alisimama, akamlipa yule kijana pesa yake yote, akamshukuru, na tukahamia kwangu, viti tukavipanga chini ya mwarobaini. Wali wa nazi ulipikwa na shemeji wa Tanga aliyekuja na nazi zake kwenye gunia, maana nazi za Dodoma hakuziamini. Mbuzi alichomwa na vijana. Mzee wa Mtwara alikuwa na korosho, na mwingine alileta ng'onda zilizonuka hadi nyumba ya tatu. Harufu hiyo ilitufanya watu wazima watano tunyamaze kwa pamoja, kila mmoja na lake.

Pale chini ya mwarobaini likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Wazee wanne wa injini tulikaa pamoja tukaanza kuzungumza. Binti yangu, yule wa mwaka 1994, ambaye sasa anafanya kazi katika wizara moja pale Mtumba, alikuwa akigawa chai. Akasimama na birika mkononi anatutazama. Baadaye aliniambia alichokiona: wote wanne tunapayuka, wote tunageuza kichwa upande uleule kuleta sikio lililo zima, wote tunapiga meza kwa kiganja kabla ya kusema ili mwenzetu atazame. "Baba," akasema, "miaka yote nilidhani unatugombeza." Alikulia nyumba ambayo baba yake anaagiza chumvi kwa sauti ya kufukuza mwizi. Hakuna aliyemwambia kuwa baba yake hasikii vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kukiri. Mtoto wa mwenzangu wa pili alikuwa na kisa hicho hicho, na wa tatu. Walijikusanya watoto wa injini, watu wazima wenye watoto wao, wakawa wanasimuliana utoto wao wa kupigiwa kelele. Nilikaa mbali kidogo nikawasikiliza, au niseme niliwatazama midomo.

Mchana tulikuwa tumepanga kusoma majina ya marehemu, kusimama dakika moja, na kukaa. Mjane wa fundi wa redio aliomba mume wake asisomwe. "Jina lake ninalo kwenye cheti," alisema. "Mnisimulie." Tukabadili utaratibu. Kila marehemu, aliyekuwa na la kumsimulia alisimulia, hata kama ni dogo. Ilichukua saa tatu badala ya dakika tano. Wapo waliosimuliwa hadi watu wakashika mbavu. Mmoja hakuwa na wa kumsimulia isipokuwa mimi, nami nilikumbuka tu kwamba alikuwa akishona vifungo vya wenzake bila kuombwa. Mwanawe alinishukuru kwa vifungo hivyo kana kwamba nimempa shamba.

Binti wa fundi wa redio alikuwa na miaka saba baba yake alipofariki. Ana picha yake moja, ya sare. Aliuliza swali moja: sauti ya baba ilikuwaje? Watu wanne wakajibu mara moja, na hawakukubaliana. Nyembamba. Hapana, nzito, ya puani. Alikuwa na kigugumizi kidogo. Hakuwa nacho, alikuwa anarudia maneno kwa mazoea ya redio. Walibishana kweli, hadi mmoja akakasirika. Ndipo mzee wa usukani, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu, akafumba macho, akaziba mdomo nusu kwa kiganja na kusema, kwa sauti isiyokuwa yake, "Nakupata vizuri, nakupata vizuri, endelea." Ubishi ukaisha. Yule binti alitoa simu akamwomba aseme tena, naye akasema tena, mara tatu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeuona ukweli wa jambo hili lote: meli ilimjua mtu kwa upande mmoja na nyumba ilimjua kwa upande mwingine, na akifa kabla pande hizo hazijakutana, kila upande unamzika nusu. Na kulikuwa na nyumba moja, karibu kuliko zote, ambayo haikuwa na mwakilishi kwangu. Mjane wa mpishi alikuwa amealikwa. Alijibu kuwa miguu inamsumbua. Hakuna aliyejiuliza zaidi.

Jumapili asubuhi niliwaambia wenzangu. Tulipata Coaster moja, na gari la binti yangu likatangulia. Njiani, tumeiacha lami, nilimweleza habari ya deni. Alikuwa hajui kwamba kuzaliwa kwake kuna paa la mtu ndani yake. Hakusema kitu. Kabla hatujatoka mjini alikuwa amenisindikiza hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikaulizia bei ya bati sita za siku hiyo, nikaweka pesa hiyo kwenye bahasha. Sikuona hesabu nyingine ya haki kuliko ile aliyonihesabia mwenyewe.

Mjane wa mpishi alitupokea uani. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, na tukaitikia kadiri tulivyojua. Mama mnene kidogo, amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba kweli. Wanawake wetu walikaa naye kwanza, wakalia naye, kama inavyopasa hata msiba ukiwa wa zamani. Kisha wakatupisha. Nilipiga magoti nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, nikasema ni deni la mume wake, la mwaka 1994, la bati sita, na kwamba nimekosa.

Hakulia, wala hakuniambia si kitu. Alimtuma mwanawe ndani alete daftari la msiba. Lilikuwa daftari la shule la kurasa nyingi, limefungwa kwa karatasi ya kaki. Kijana alipekua hadi akafika kwenye jina langu, akasoma: shilingi 20,000, kwa simu. Mama akaniangalia.

"Shemeji, siku ya maziko kaka yake alisimama akauliza. Anayemdai marehemu aseme, anayedaiwa na marehemu aseme. Aliuliza mara mbili. Watu wakanyamaza."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa wapi?"

"Dodoma."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamwambia kijana aandike chini kabisa, ukurasa wa mwisho, baada ya mstari wa jumla: deni la bati sita limerudi, tarehe, na waliokuwepo. Kijana akatuandika wote, mmoja mmoja, pamoja na binti yangu. Mama aliomba asomewe alichoandika. Alipomaliza kusoma, akachukua bahasha, akaihesabu mbele yetu, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Baada ya hapo ndipo alipotukaribisha tuongee. Mzee wa usukani akaanza habari za uji, tangawizi, kamba za sufuria. Mama alitusikiliza akikunja uso, anamtazama huyu, anamtazama yule, kama mtu anayedhani wageni wamekosea nyumba.

"Mnasema mume wangu alikuwa anapika?"

Tukasema alikuwa mpishi wetu, miaka yote.

"Hapa kwangu hakuwahi kushika mwiko," alisema. "Hata chai. Mimi najua alikuwa mwanajeshi." Akaanza kucheka, kwanza tumboni, kimya kimya, mabega yakimtikisika, halafu kwa sauti, hadi majirani wakachungulia ukutani. Akajifuta macho kwa khanga ile ile yenye bahasha. Alitaka kujua uji huo ulikuwa wa namna gani. Mmoja akasema tangawizi ilitwangwa mbichi, mwingine akasema ilikuwa ya unga, wakaanza tena kubishana.

Mama akamwita mjukuu amshike mkono, akainuka taratibu, akatuongoza jikoni. Unga wa uwele ulikuwepo. Akateremsha sufuria, akampa mzee wa usukani mwiko.